Kutoka Bunju hadi Mlimani: Historia Fupi ya Taaluma za Wanawake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Taaluma za wanawake, yaani uchunguzi wa kitaaluma unaoyaweka maisha, kazi na fikra za wanawake katikati ya maswali yake badala ya kuyagusia pembeni, zina historia ndefu nchini Tanzania kuliko inavyodhaniwa, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilianzia katika ukanda wa Pwani ulio kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju hadi Bagamoyo na vijiji vyake vya ndani. Nusu karne imepita tangu katikati ya miaka ya 1970, watafiti wa mradi wa Jipemoyo walipopiga kambi wilayani Bagamoyo na kuanza kuwauliza wanavijiji, wanawake kwa wanaume, jinsi wao wenyewe walivyoyaelewa maendeleo yaliyokuwa yakihubiriwa kwao. Historia hii fupi inaeleza namna taaluma hizo zilivyokua katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, namna zilivyojengewa utamaduni wa mihadhara, wa tuzo na ufadhili, na wa kazi za kujitolea, na inashikilia kwamba mambo hayo matatu yana chanzo kimoja, nacho ni deni ambalo wasomi wa Mlimani wanadaiwa na wanawake wa vijijini waliowafundisha.

Chuo chenye wanawake wachache

Chuo kilichozaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi 14, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa kinachojitegemea, baada ya kuvunjika kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichokuwa kimekiunganisha na vyuo vya Makerere na Nairobi. Wanawake waliopita hapo katika muongo wa kwanza walikuwa wachache, lakini alama zao ni kubwa: Julie Manning, mmoja wa wanawake wa mwanzo kabisa kusomea sheria chuoni hapo, alikuwa jaji mwanamke wa kwanza wa Mahakama Kuu ya Tanzania na baadaye Waziri wa Sheria, na Gertrude Mongella, aliyehitimu mwaka 1970, alikuja kuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995.

Uchache huo ulizidi kuonekana baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, ambalo lilimtaka kijana aliyemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza na kupata mapendekezo ya mahali pake pa kazi na ya chama kabla ya kuingia chuo kikuu. Lengo la azimio hilo lilikuwa jema, kwa kuwa lilikusudia kuufungua mlango wa elimu ya juu kwa wafanyakazi na kuwaondolea wasomi majivuno, lakini athari zake kwa wasichana hazikuwa zimepimwa, kwani katika miaka hiyo ya kungoja wengi wao waliolewa, wakapata watoto na kubanwa na majukumu ya nyumbani, hivyo idadi ya wanawake waliojiunga ikashuka. Mwaka 1976 serikali iliwaondolea wanawake sharti hilo na kuwaruhusu kuingia chuoni moja kwa moja kutoka shuleni. Tukio hilo lilionyesha mapema jambo ambalo taaluma za wanawake zingelirudia kwa miongo mingi iliyofuata, kwamba sera inayowatendea wote sawa inaweza kuleta matokeo yasiyo sawa pale inapowakuta watu katika mazingira tofauti.

Mizizi ya Pwani

Kabla chuo hakijawa na somo lolote lililobeba jina la wanawake, utafiti wenyewe ulikuwa umeshaanza katika kijiji cha Bunju, kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, mtafiti kutoka Ufini, Marja-Liisa Swantz, ambaye alikuwa amefika Tanganyika mwaka 1952 kama mwalimu wa wasichana huko Ashira, Kilimanjaro, aliishi kijijini hapo miongoni mwa Wazaramo na kuchunguza ibada na alama zinazoyazunguka maisha ya mwanamke: kuwekwa ndani kwa mwali, yaani msichana aliyevunja ungo, mafunzo ya kungwi ambaye ni mwanamke mzima anayemlea mwali huyo, ngoma zinazochezwa chini ya mti wa mkole, na mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti anachokabidhiwa mwali akiwa ndani. Swantz hakuyaona mambo hayo kuwa masalia ya ujinga yanayongoja kufutwa na shule, bali aliyaona kuwa mfumo wa maarifa wenye walimu wake, mitaala yake na madaraka yake, na tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1970 ikayathibitisha hayo kwa kina ambacho hakikuwa cha kawaida wakati huo.

Mtazamo huo aliuingiza chuoni mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipokuwa mtafiti katika Ofisi ya Tathmini ya Rasilimali na Mipango ya Matumizi ya Ardhi, iliyofahamika kwa kifupi cha BRALUP, ambako aliwashirikisha wanafunzi wa chuo kikuu katika uchunguzi wa hali ya vijana wa Mkoa wa Pwani kwa kuwapeleka kuishi vijijini. Huko ndiko ulikokomaa utafiti shirikishi, yaani utafiti ambao wanaochunguzwa wanashiriki kuchagua maswali, kukusanya majibu na kuamua hatua za kuchukua, badala ya kuhojiwa kwa dodoso na kuachwa kama walivyokutwa. Katika ofisi hiyohiyo Swantz na Deborah Bryceson walichunguza pia wanawake waliofanya kazi za mishahara ya kima cha chini na shughuli za kujiajiri jijini Dar es Salaam, na hivyo taaluma hizo zikaweka mguu mmoja shambani na mwingine kiwandani.

Mradi wa Jipemoyo ulioendeshwa kwa ushirikiano wa wizara ya Tanzania iliyohusika na utamaduni na Akademia ya Ufini ulikuwa hatua kubwa iliyofuata. Watafiti wa nchi mbili walifanya kazi katika sehemu za magharibi za wilaya ya Bagamoyo, miongoni mwa Wakwere na wafugaji Waparakuyo, wakichunguza uhusiano wa utamaduni na maendeleo katika kipindi ambacho vijiji vya ujamaa vilikuwa vikiundwa. Ulla Vuorela, mmoja wa watafiti hao, alikichagua kijiji cha Msoga, ambacho leo kiko katika Halmashauri ya Chalinze na kinajulikana na wengi kuwa alikozaliwa Rais Jakaya Kikwete, na kazi yake iliyochapishwa mwaka 1987 iliuliza swali zito: ikiwa wanauchumi wanachambua kwa makini njia ambazo jamii huzalisha mali, kwa nini hawachambui kwa makini hayohayo njia ambazo jamii huwazaa, huwalisha, huwauguza na kuwalea watu wanaoizalisha mali hiyo? Kwa kulijibu swali hilo katika jamii ya Wakwere, ambao kwa asili hufuata ukoo wa upande wa mama, Vuorela alionyesha kwamba kazi ya nyumbani ni sehemu ya uchumi, na kwamba mpango wa maendeleo usioihesabu kazi hiyo huwaongezea wanawake mzigo huku ukiamini kwamba unawakomboa. Swantz naye alilipanua wazo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1985, ambacho kinaeleza jinsi wanawake wa Tanzania walivyonyimwa nafasi ya ubunifu waliyokuwa nayo katika jamii zao.

Kutoka kikundi hadi taasisi

Mlimani kwenyewe, mwalimu aliyefungua njia alikuwa Marjorie Mbilinyi, ambaye mwaka 1969 alichapisha utafiti kuhusu elimu ya wasichana nchini, akieleza kwamba kuwapo au kutokuwapo kwao shuleni kulitokana na hesabu za kiuchumi za kaya na mgawanyo wa kazi, wala hakukutokana na uvivu au uzito wa akili kama ilivyosemwa. Mwaka 1978 yeye na Bryceson waliandika kuhusu mabadiliko ya nafasi ya wanawake katika uzalishaji, na Septemba 1979 BRALUP iliandaa warsha ya taaluma za wanawake na maendeleo, ambayo iliwakutanisha chini ya paa moja watafiti waliokuwa wakifanya kazi kila mmoja kivyake. Kutokana na vuguvugu hilo, kikundi cha masomo ya wanawake kilichokuwa katika Taasisi ya Taaluma za Maendeleo kilikua, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kukawa na Mradi wa Utafiti na Nyaraka za Wanawake, unaojulikana kwa kifupi cha WRDP.

Uzito wa WRDP haukutokana na majengo wala bajeti, kwa kuwa wanachama wake walikuwa walimu wenye vipindi vyao katika idara nyingine, ambao waliifanya kazi ya mradi jioni na katika siku za mapumziko. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuthibitisha kwamba kulikuwa na kitu cha kusoma. Ophelia Mascarenhas, mkutubi na mtafiti, kwa kushirikiana na Mbilinyi, alitoa mwaka 1983 bibliografia ya kichambuzi ya maandishi kuhusu wanawake wa Tanzania, yaani orodha inayotaja kila andiko, kulieleza na kulipima, na tangu siku hiyo hapakuwa tena na mwalimu aliyeweza kudai kwamba somo hilo halina vitabu. Mwaka 1991 Magdalene Ngaiza na Bertha Koda walihariri mkusanyiko wa simulizi za maisha za wanawake wa Tanzania, ambao katika kila simulizi mwanamke wa kawaida hueleza mwenyewe alivyozaliwa, alivyoolewa, alivyolima na alivyopambana, na msomi hubaki kuwa msikilizaji na mwandishi tu. Miaka mitatu baadaye kikundi kingine cha watafiti wa chuo hicho kilitoa kitabu kiitwacho *Chelewa, Chelewa*, kilichohaririwa na Zubeida Tumbo-Masabo na Rita Liljeström, kuhusu wasichana walio katika umri wa kubalehe, mimba za utotoni na pengo lililoachwa na kudhoofika kwa mafunzo ya unyago kabla ya shule na hospitali kuwa tayari kulijaza.

Chuo chenyewe kilichukua muda kuyafuata hayo kwa muundo rasmi. Katika miaka ya 1990 kiliunda kamati ya kushughulikia masuala ya jinsia, neno linalotumika kwa maana ya nafasi, majukumu na madaraka ambayo jamii huwagawia wanawake na wanaume, tofauti na maumbile waliyozaliwa nayo. Baadaye kikapata sera ya jinsia, sera ya kupambana na unyanyasaji wa kijinsia, kituo cha jinsia na hatimaye taasisi kamili ya taaluma za jinsia. Hatua hizo zilikuwa na historia yenye majonzi, kwa sababu mwaka 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kudhalilishwa na baadhi ya wanafunzi wenzake, na kifo hicho kiliwafanya wanawake wa ndani na nje ya chuo waseme kwa sauti kile ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kikiitwa utani wa wanafunzi.

Mihadhara na jukwaa

Mihadhara ya taaluma za wanawake haikukaa ndani ya kumbi za Mlimani peke yake. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987 kikiwa na Fatma Alloo, Edda Sanga na Leila Sheikh miongoni mwa waanzilishi wake, kilianza mwaka 1988 kutoa jarida la *Sauti ya Siti*, lililochukua jina la Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, na kurasa zake zikawa njia ya matokeo ya utafiti kumfikia msomaji ambaye hangeingia maktaba ya chuo. Mwaka 1993 ulianzishwa Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ambamo wasomi wa Mlimani kama Mbilinyi na Ruth Meena walishirikiana na wanaharakati, na ambao ulijenga utamaduni wa semina za jinsia na maendeleo kila Jumatano huko Mabibo pamoja na Tamasha la Jinsia lililoanza mwaka 1996 na kufanyika kila baada ya miaka miwili. Semina hizo ziliupa mhadhara sura mpya, kwani huendeshwa kwa Kiswahili, huwa wazi kwa yeyote, na mama lishe hupata nafasi sawa na profesa ya kuuliza na kujibu.

Bagamoyo nayo ilichangia jukwaa la aina nyingine. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa hapo mwaka 1981, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, kiliufanya mji huo kuwa makao ya ngoma na maigizo nchini, na katika miaka ya 1980 Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, wote wawili walimu wa sanaa za maonyesho Mlimani, walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi ya tamthilia ya maendeleo katika vijiji kadhaa, Msoga kikiwamo. Katika tamthilia ya namna hiyo wanakijiji huyachunguza matatizo yao, huyageuza kuwa ngoma na maigizo, huyaonyesha mbele ya kijiji kizima na kisha huyajadili, hivyo mhadhara hutolewa na wale ambao kwa kawaida hutakiwa kusikiliza tu. Mlama alikuwa ameshaandika tamthilia ya *Nguzo Mama* mwaka 1982 kuhusu wanawake wa kijiji wanaohangaika kusimamisha nguzo yao, na uzoefu wa vijijini ulimfikisha yeye na wenzake kwenye mradi wa Tuseme, ulioanza mwaka 1996 katika shule za sekondari ili wasichana wayataje wenyewe mambo yanayowazuia kusoma na kudai yarekebishwe. Jukwaa la Wanaelimu Wanawake wa Afrika, FAWE, ambalo Mlama alikuja kuliongoza, liliupeleka mradi huo katika nchi nyingi za Afrika, na hivyo mbinu iliyokomazwa katika vijiji vya Tanzania, vya Pwani vikiwamo, ikawafikia wasichana wa mataifa mengine.

Tuzo na ufadhili

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, lakini kwa muda mrefu mwanamke aliyefanya vizuri chuoni hakutuzwa, kwa kuwa vikwazo vilikuwa vimemzuia hata kuufikia uwanja wa kuchezea. Kwa sababu hiyo tuzo za kwanza zilizokuwa na maana katika historia hii zilikuwa za kufungua mlango kuliko za kusifu. Katika miaka ya 1990 chuo kilianzisha kozi ya awali ya sayansi na hisabati kwa wasichana waliokaribia alama za kuingilia bila kuzifikia, na waliofaulu kozi hiyo walidahiliwa. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la Carnegie la New York likagharimia ufadhili wa wanafunzi wa kike wa shahada ya kwanza. Utaratibu huo ulibishaniwa, na wapo waliodai kuwa unashusha viwango. Lakini hoja hiyo haina nguvu pale inapokumbukwa kwamba alama za mtihani wa msichana aliyesoma katika shule isiyo na maabara, huku akichota maji asubuhi na kupika jioni, hupima mazingira yake pamoja na akili yake.

Heshima za kimataifa nazo zimeifikia safu hii ya wanawake. Mfano wa karibuni ni Rebeca Gyumi, mwanasheria aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuanzisha shirika la Msichana Initiative, ambaye alifungua kesi ya kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na umri wa miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, akapewa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2018, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha ushindi wake. Tuzo hiyo ni ya mtu mmoja, lakini hoja zilizoshinda mahakamani zina ukoo, na ndani ya ukoo huo wamo watafiti wa *Chelewa, Chelewa* na wasichana waliokubali kuhojiwa nao.

Kazi ya kujitolea

Iwapo kuna jambo moja lililozishika taaluma hizi katika miaka ya uhaba, basi ni kujitolea. Wanafunzi waliokwenda vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970 walipata malazi ya mkeka na chakula cha wenyeji, walimu wa WRDP walihariri miswada bila malipo, wanahabari wa TAMWA waliwapokea na kuwasikiliza wanawake waliopigwa, na wanasheria wanawake walitoa msaada wa kisheria kwa wajane walionyang'anywa nyumba na mashamba. Kutokana na kazi hizo zilipatikana hoja zilizochangia Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 na sheria za ardhi za mwaka 1999, ambazo zilimtambua mwanamke kuwa na haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume.

Kwa mwanafunzi wa leo nafasi za namna hiyo hazijafungwa. Vituo vya taarifa na maarifa vilivyoanzishwa na TGNP katika kata mbalimbali huhitaji vijana wa kukusanya takwimu za mahali na kuwasaidia wananchi kuisoma bajeti ya halmashauri. Mashirika ya msaada wa kisheria huhitaji wasaidizi. Na huko Mlingotini, kusini mwa mji wa Bagamoyo, wanawake wanaolima mwani, ambao joto la maji ya bahari limeathiri mavuno yao, wanahitaji washirika wa kitaaluma watakaokaa nao kipindi cha kutosha. Mwanafunzi anayejitolea katika kazi kama hizo hatoi sadaka, kwa kuwa anachojifunza kwa wenyeji hakifundishwi darasani.

Tathmini

Miaka hamsini ni muda wa kutosha kutoa hukumu. Taaluma za wanawake zimeibadilisha Tanzania: zimeingia katika sheria, bajeti, mitaala na lugha ya kila siku. Aidha, zimeonyesha kwamba ushindi wake unaweza kurudishwa nyuma, kama ilivyotokea Juni 2017, Rais John Magufuli, akiwa ziarani katika Mkoa wa Pwani, alipotangaza kwamba wasichana waliopata mimba hawatarudi shuleni katika serikali yake, msimamo ambao ulidumu hadi Novemba 2021 serikali iliporuhusu wanafunzi hao warejee. Miaka hiyo minne iliwagharimu wasichana wengi, na utafiti wa kuwatetea ulikuwapo tayari tangu 1994.

Upungufu mkubwa zaidi, hata hivyo, umo ndani ya taaluma zenyewe. Kazi za Swantz kuhusu Bunju, za Vuorela kuhusu Msoga, na nyingi kati ya zile za WRDP zilichapishwa kwa Kiingereza, nyingine zikitolewa Uppsala na Helsinki, na mjukuu wa mwanamke aliyehojiwa huko Pwani hawezi kuzipata katika shule ya kijiji chake wala kuzisoma kwa lugha yake. Deni hilo linalipika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina walimu wa Kiswahili, wafasiri na wachapaji. TaSUBa ina jukwaa. Na halmashauri za Bagamoyo na Chalinze zina shule na ofisi za kata zinazoweza kupokea vitabu. Inafaa tuzo itengwe kila mwaka kwa mwanafunzi atakayeandika kwa Kiswahili muhtasari bora wa utafiti uliofanyika katika kijiji cha Pwani, inafaa mhadhara mmoja wa mwaka utolewe Bagamoyo mbele ya wenyeji, na inafaa wanafunzi wanaojitolea wapewe kazi ya kuyasoma maandishi hayo pamoja na wanakijiji, kuyasahihisha na kuyaendeleza. Wenye dhamana ya taaluma hizi wanaombwa waanze na Bunju na Msoga, wakati baadhi ya wanawake waliotoa simulizi hizo wangali hai na wanaweza kusomewa walichokisema.